Lori Likisimama Kwenye Theluji, Nani Analipa?

Kanuni za usalama wa magari ya mizigo nchini Marekani zina kifungu kifupi, cha 392.14. Kinasema hali ya hewa ikiharibika, iwe theluji, barafu, ukungu, mvua au vumbi, dereva apunguze mwendo. Ikizidi kuharibika kiasi cha kuhatarisha, aegeshe na asiondoke mpaka njia ipitike salama. Kanuni nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inamkataza mwajiri, wakala na mwenye mzigo kumtishia dereva ili avunje kanuni za usalama. Ukisoma karatasi hizo mbili tu utadhani mtu aliyeshika usukani wa lori la tani 36 katikati ya tufani ya theluji ana mamlaka kama ya nahodha wa meli.

Mamlaka hayo yana bei, na anayeilipa ni dereva mwenyewe. Madereva wengi wa masafa marefu Marekani hulipwa kwa maili. Tairi zikizunguka pesa inaingia, zikisimama haiingii, au huingia kidogo tu pale kampuni ilipo na utaratibu wa kufidia siku ya kukwama. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, ile iliyowapa wafanyakazi wengi haki ya kulipwa zaidi wanapopitisha saa 40 kwa wiki, iliwaacha nje madereva wanaosafirisha mizigo kati ya jimbo na jimbo, na wako nje mpaka leo. Kifungu kinamwambia asimame, mshahara unamwambia asithubutu. Kila majira ya baridi yakikaribia tunazungumza sana juu ya minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, tairi na ujuzi wa kuendesha kwenye barafu, na ni mambo ya lazima. Tunachokiacha ni kile kinachomfanya mtu mzoefu, anayejua fika kwamba barabara imeharibika, aendelee kukanyaga mafuta.

Tuanze na barafu yenyewe. Kwenye lami kavu msuguano kati ya tairi na barabara huwa karibu 0.7. Kwenye barafu hushuka hadi 0.1 na pengine chini ya hapo. Hesabu ya fizikia peke yake inasema kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambalo kwenye lami lingesimama ndani ya mita 36, kwenye barafu litahitaji zaidi ya mita 250, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka na kukanyaga breki. Na barafu mbaya zaidi si ile ya baridi kali kupindukia. Madereva wazoefu huiogopa zaidi ile ya nyuzi sifuri, inapoyeyuka na kuganda tena, kwa sababu ina utando wa maji juu yake na macho huiona kama lami iliyoloa. Huitambua kwa ishara ndogo ndogo. Maji yanayorushwa na tairi za lori la mbele yakikoma ghafla, ilhali barabara bado inang'aa kama imeloa, yale si maji tena. Utando wa barafu ukianza kujijenga kwenye ukingo wa mbele wa vioo vya pembeni, basi daraja linalofuata limeshaganda, maana daraja hupigwa na baridi juu na chini.

Kuhusu uzito kuna jambo ambalo watu walio nje ya kazi hii hulielewa kinyume. Msuguano huongezeka sambamba na uzito, kwa hiyo lori lililojaa haliwi na utelezi zaidi kwa sababu tu limejaa. Wengi wanaoendesha kwenye theluji wangependa kubeba mzigo mzito kuliko kuvuta trela tupu. Trela tupu ni sanduku la mita 16 linalopokea upepo wote wa ubavuni huku tairi zake zikigusa barabara kwa wepesi. Ndiyo maana Idara ya Uchukuzi ya jimbo la Wyoming, siku za upepo mkali, huifunga barabara kuu ya I-80 kwa magari marefu ya kwenda juu yaliyo mepesi, na yaliyojaa huruhusiwa kupita.

Uzito hugeuka adui kwenye mlima. Chukua lori lililofika kikomo cha kawaida cha Marekani, pauni 80,000, yaani takriban kilo 36,300. Ekseli mbili zinazosukuma hubeba kama tani 15 za uzito huo. Kwenye mwinuko wa asilimia 7, kama ule wa Vail Pass huko Colorado, lori linahitaji nguvu ya kama tani mbili na nusu ili lisirudi nyuma. Kwenye barafu yenye msuguano wa 0.1, ekseli zile haziwezi kutoa zaidi ya tani moja na nusu. Hapo ustadi wa dereva hauongezi kitu. Tairi zitazunguka palepale, lori litakaa mshazari katikati ya barabara, na foleni ya kilomita kadhaa itajipanga nyuma yake. Minyororo ndiyo inayobadilisha hesabu hiyo.

Kuteremka ni kubaya zaidi. Breki ya injini, ambayo siku za kawaida ndiyo tegemeo la kila dereva wa milimani, huzuia tairi zinazosukuma peke yake. Kwenye utelezi tairi hizo hukamata na kuacha kuzunguka, trela huendelea kusukuma kutoka nyuma kwa uzito wake wote, na ndani ya sekunde chache lori limejikunja, trela likiwa ubavuni mwa kichwa. Kwa hiyo dereva huteremka kwa gia ya chini, mguu ukigusa breki kwa upole, macho yakienda kwenye vioo kila mara kuangalia kama trela bado linamfuata. Akivuta tangi la maji, maziwa au mafuta lisilojaa, mzigo wenyewe hutembea ndani na kumsukuma mbele sekunde moja baada ya yeye kudhani amesimama.

Baridi nayo ina kazi yake kwenye chuma na mafuta. Dizeli ina nta ndani yake. Joto likishuka vya kutosha nta hiyo hujitenga, huziba chujio, na injini huzimika njiani, ndiyo maana wanaokwenda kaskazini huchanganya dizeli nyepesi au kutia dawa ya kuzuia kuganda kabla baridi haijawakuta. Kimiminika cha kusafishia moshi huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Lakini kinachosumbua kuliko vyote ni breki za upepo. Hewa inayobanwa na kompresa hubeba unyevu. Unyevu ukipita kikaushio, huganda ndani ya mipira na vali. Na breki za kuegeshea hufungwa na springi na kufunguliwa na hewa, kwa hiyo hewa ikishindwa kufika, trela limefungwa na halitoki. Kuna asubuhi dereva huamka akakuta viatu vya breki vimegandiana na dramu kwa sababu jana yake alipita kwenye theluji ya majimaji kisha akaegesha. Huingia chini ya trela na nyundo, amelala chali juu ya theluji, akigonga dramu moja baada ya nyingine, glovu zikiwa zimeloa. Inaweza kumchukua saa nzima, na mara nyingi saa hiyo haina malipo.

Hapo ndipo kisa cha Alphonse Maddin kinapoingia, na sitaki kukipita juu juu, maana kilifika mahakamani na kila hatua yake iliandikwa. Januari 2009 alikuwa Illinois, kwenye barabara ya I-88, usiku, anavuta trela lenye mzigo. Mafuta yalikuwa yanakaribia kuisha na alikuwa akitafuta kituo ambacho kampuni yake ilimwelekeza atumie. Akasimama pembeni. Alipotaka kuondoka akakuta breki za trela zimeganda. Akapiga simu kuomba fundi. Kipasha joto cha kichwa cha lori kilikuwa hakifanyi kazi na nje ilikuwa baridi ya chini sana ya sifuri. Alipitiwa na usingizi, akaamshwa na simu ya ndugu yake baada ya kama saa mbili, akiwa amekufa ganzi na hazisikii nyayo zake. Ndugu huyo alieleza baadaye kwamba ulimi wa Maddin ulikuwa mzito. Alipopiga tena simu ofisini, msimamizi alimpa njia mbili: aburute trela lenye breki zilizofungwa, au abaki palepale. Maddin alilifungua trela, akaliacha, akaenda na kichwa cha lori kutafuta joto. Fundi alifika muda mfupi baadaye, na Maddin akarudi. Alifukuzwa kazi kwa kosa la kutelekeza mzigo.

Ilichukua zaidi ya miaka saba mpaka mahakama ya rufaa, Agosti 2016, ikubali kwamba sheria inayowalinda madereva wanaokataa kuendesha gari lisilo salama ilimlinda na yeye, na kwamba alipwe mishahara aliyoikosa. Majaji wawili walikubali, mmoja alipinga. Aliyepinga, Neil Gorsuch, aliingia Mahakama ya Juu mwaka uliofuata. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inamlinda anayekataa kuendesha, na Maddin hakukataa, aliendesha. Nimeusoma upinzani ule na nakubali umeandikwa kwa akili nyingi. Bado naona haukumtazama mtu aliyekuwa ndani ya lile gari. Njia halali aliyoachiwa ilikuwa kukaa na kungoja, na kungoja kulikuwa kunamuua.

Kuna wanaosema kisa hicho ni cha nadra, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini kanuni zinazomwelekeza dereva hapo alipofika Maddin si za nadra hata kidogo. Anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya mapumziko ya saa 10. Tangu Desemba 2017 kifaa cha kielektroniki ndicho kinachorekodi saa hizo, na mimi naunga mkono kifaa hicho, kwa sababu vitabu vya karatasi vilikuwa vikidanganya na madereva walikuwa wakisinzia. Shida ni kwamba saa ile ya 14 haisimami theluji inapoanguka. Kuna nyongeza ya hadi saa mbili kwa hali mbaya ya njiani, ila ni kwa hali ambayo haikujulikana wala isingeweza kujulikana kabla ya safari. Tufani iliyotangazwa na watabiri tangu juzi yake haihesabiki. Basi dereva aliyepoteza saa tatu nyuma ya magari ya kukwangua theluji anaona muda wake unaisha, nafasi za kuegesha zimejaa tangu alasiri, na sekta yenyewe inakadiria kwamba kuna nafasi moja ya kuegesha kwa kila madereva 11. Aegeshe wapi? Wengi huishia kwenye bega la barabara au kwenye njia ya kutokea, mahali hatari kuliko pote usiku wa barafu.

Barabara ya I-80 kati ya Laramie na Rawlins, Wyoming, inaonyesha kwamba uamuzi mbaya wa ofisini humfikia dereva hata miaka 50 baadaye. Ile ya zamani ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow. Wahandisi wakataka njia fupi zaidi kwa kupita karibu na Elk Mountain, wafugaji wa pale wakawaonya kwamba upepo na theluji ya huko havina mfano, na hawakusikilizwa. Kipande hicho kilifunguliwa Oktoba 1970 na kikafungwa na tufani siku chache tu baadaye. Ilibidi mtaalamu wa theluji, Ronald Tabler, atumie miaka akipanga nyua ndefu za mbao zinazokamata theluji inayopeperushwa kabla haijafika barabarani. Zilisaidia sana, na zimesimama mpaka leo. Bado kipande hicho hufungwa mara kwa mara, na malori hujipanga kwa mamia huko Cheyenne na Rawlins yakisubiri geti lifunguliwe. Geti lile, kwa maoni yangu, ni rafiki mkubwa wa dereva. Likifungwa, hakuna wa kumuuliza kwa nini hakuendelea.

Colorado nayo imechukua njia ya kuamuru. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 lori la biashara linalopita I-70 milimani ni lazima liwe na minyororo, na tangazo likitolewa lazima ifungwe. Asiyefunga hutozwa faini ya dola 500, na akiziba barabara huwa dola 1,000, bila ada za nyongeza. Sina ugomvi na faini hiyo. Ila kufunga minyororo kwenye giza, kilo kadhaa za chuma baridi mkononi, magari yakipita mita mbili kutoka mgongoni, ni kazi ya kuhatarisha maisha, na lililo dogo kabisa ambalo dereva angestahili ni muda huo kuhesabiwa kama muda wa kazi yenye malipo.

Barabara haingoji mlima ili iue. Alfajiri ya Februari 11, 2021, mvua ya kuganda ilifanya barafu kwenye I-35W mjini Fort Worth, Texas, mahali ambapo barabara imeinuka na ina kuta za zege pande zote mbili. Magari kama 130 yaligongana, malori makubwa yakipanda juu ya magari madogo yaliyokwama, na watu 6 wakafa. Ukitazama picha za video za asubuhi ile unaona lori likija, limeshaanza kuteleza mbali kabisa, na hakuna pa kukimbilia. Huko kusini ndiko wanakofunzwa wengi pia. Tangu Februari 7, 2022, Marekani ina mtaala wa lazima kwa madereva wapya, lakini haina idadi ya chini ya saa za mafunzo. Mtu anaweza kupata leseni halali bila kukanyaga theluji hata siku moja, kisha akapewa mzigo wa kupeleka Wyoming mwezi Januari.

Sasa linganisha na mahali ambapo barafu ndiyo barabara yenyewe. Katika Northwest Territories za Kanada, kila mwaka tangu 1982, hujengwa njia ya majira ya baridi kutoka Tibbitt hadi Contwoyto, takriban kilomita 400, sehemu kubwa ikipita juu ya maziwa yaliyoganda, ili kupeleka mafuta na vifaa kwenye migodi, hapo awali ya dhahabu na baadaye ya almasi. Lori lililojaa haliruhusiwi kupita kilomita 25 kwa saa juu ya ziwa. Lori linapotembea husukuma wimbi kwenye maji yaliyo chini ya barafu, na likienda kasi wimbi hilo huipasua barafu, hasa karibu na ufuko. Unene hupimwa, uzito unaoruhusiwa huongezwa hatua kwa hatua kadiri barafu inavyonenepa, doria hupita na vipima mwendo, na anayekiuka huondolewa barabarani. Mwaka 2006 joto lilikatisha msimu mapema, mizigo mingi haikupita, na migodi ikalazimika kusafirisha kwa ndege kwa gharama kubwa. Wenye mali waliilipa gharama hiyo. Hakuna aliyemwambia dereva ajaribu bahati yake kwenye barafu nyembamba, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba lori likizama limezama.

Kwenye barabara za kawaida hatari ni ileile, isipokuwa haionekani wazi hivyo, na ndiyo maana tunathubutu kumwachia mtu mmoja aamue peke yake huku tukimkata malipo akiamua vizuri. Norway wameona jambo hili vizuri zaidi. Kwenye njia zao za milimani, hali ikiharibika, geti hushushwa, magari hukusanywa, na gari la kukwangua theluji huyaongoza kwa msafara. Gari lisilofaa hurudishwa. Umoja wa Ulaya nao, katika kifungu cha 10 cha Kanuni ya 561 ya mwaka 2006, unayakataza makampuni kumlipa dereva kwa umbali aliokwenda au kiasi cha mzigo aliobeba, ikiwa malipo ya aina hiyo yanahatarisha usalama barabarani. Utekelezaji wake una matundu. Lakini angalau wametamka kwamba namna ya kumlipa dereva ni suala la usalama, sawa na breki na tairi.

Najua madereva wengi wa Marekani wenyewe hawataki malipo ya maili yaondolewe. Miezi ya kiangazi mtu hodari hupata zaidi kwa maili kuliko angepata kwa saa, na mwenye lori lake mwenyewe ana marejesho ya mkopo kila mwezi, theluji iwepo isiwepo. Siwabishii. Maili ibaki pale barabara ilipo kavu. Pale mamlaka ya barabara inapotoa tangazo la minyororo, onyo la tufani au amri ya kufunga njia, hesabu ihamie kwenye saa, kwa kiwango ambacho hakimfanyi dereva ajute kuegesha. Matangazo hayo yana muda na mahali, na kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani ya lori tayari kinajua lori lilikuwa wapi saa ngapi. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika.

Muda wa kusubiri ghalani nao una uhusiano na barafu, ingawa ghala lina paa na joto. Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikadiria kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka kwenye muda wa wastani wa kupakia na kupakua huongeza kiwango kinachotarajiwa cha ajali kwa asilimia 6.2. Dereva aliyekalishwa saa nne bila malipo hutoka pale akiwa na deni la muda, na deni hilo hulilipa kwa mwendo. Desemba, kwenye giza la saa kumi na moja jioni, hulilipa juu ya barafu.

Lililobaki liko kwa mwenye mzigo kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mikataba mingi ya usafirishaji ina adhabu ya kuchelewa, mzigo ukifika nje ya saa iliyopangwa kampuni ya malori inakatwa pesa, na kampuni hupitisha shinikizo hilo kwa dereva kwa simu ya saa tisa usiku inayomuuliza amefika wapi. Adhabu hiyo inaweza kuondolewa kwa kila safari inayopita njia iliyotolewa tangazo la hali ya hewa, na saa mpya ya kupokea mzigo ikapangwa bila dereva kuomba. Sheria ya kumruhusu kusimama imekuwepo muda wote. Maduka na viwanda vikubwa vinavyoandika mikataba hiyo vina uwezo wa kuubadilisha mstari huo kabla ya majira ya baridi yajayo, bila kungoja bunge wala mahakama.